Barua ya wazi: Mtoto wa kibarua apokelewe shuleni siku anayofika

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Wakurugenzi wa halmashauri na maafisa elimu wa mikoa ya Kigoma na Tabora. Pamoja na viongozi wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tabora, kwenye vijiji vya tumbaku. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kibarua wa tumbaku, katika mkoa huuhuu. Barua hii naiandika nikiwa hivyo vyote viwili, na ombi langu ni moja. Mengine yote nitakayoyasema ni ya kulieleza hilo. Naomba mtoto wa kibarua wa msimu apokelewe shuleni siku anayofika kijijini, aandikwe kwenye daftari la mahudhurio siku hiyohiyo, na karatasi zake zifuate nyuma yake.

Mwaka jana mwezi wa Oktoba, mama mmoja aliniletea binti wa miaka kumi na mmoja. Walikuwa wameshuka basi la Kasulu, mkoani Kigoma, siku mbili kabla. Mtoto alivaa sweta la kijani la shule aliyotoka, wakati kwetu sweta ni la bluu, na begani alikuwa na mkoba ulioshonwa kwa mfuko wa mbolea ya tumbaku. Maandishi yalikuwa bado yanasomeka: NPK 10:18:24, kilo 50. Barua ya uhamisho hawakuwa nayo. Mama akasema, "Mwalimu, tulisafiri usiku, bosi alituma nauli jioni." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hata baba yangu alikuwa akisafiri hivyohivyo.

Nilimkalisha. Wiki hiyo darasa la tano nilikuwa nawafundisha asilimia, na walikuwa hawanielewi hata kidogo. Nikamwomba binti mkoba wake, nikauning'iniza kwenye msumari pembeni mwa ubao. Nikawaambia: namba hizi tatu ni asilimia, na mfuko una kilo 50, haya tufanye hesabu. Asilimia 10 ya 50 ni kilo 5, hiyo ni naitrojeni. Asilimia 18 ni kilo 9 za fosifeti. Asilimia 24 ni kilo 12 za potashi. Darasa zima lilichangamka, maana kila mtoto pale ameshabeba mfuko ule au ameulalia. Tulipojumlisha tukapata 26. Binti wa sweta la kijani akanyoosha mkono: "Mwalimu, kilo 24 zilizobaki ni za nini?"

Miaka yote niliyofundisha sijawahi kuulizwa swali hilo, wala mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Jioni nilimpigia simu bwana shamba. Akanieleza kwamba virutubisho haviwekwi mfukoni vikiwa peke yake, vimeshikamana na vitu vingine vinavyovibeba, salfa ikiwa mojawapo. Kesho yake niliwapa jibu. Binti akaliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini kwa rula.

Waheshimiwa, siku anauliza swali lile, binti huyo kiserikali hakuwa shuleni kwetu. Jina lake lilikuwa bado kwenye shule ya Kasulu, na huko alikuwa anaandikwa mtoro. Ilichukua wiki saba kumhamisha, na tulifanikiwa kwa sababu mwalimu mkuu wangu ni mtu wa kufuatilia, na mwenzake wa kule alipokea simu. Wapo watoto ambao hakuna aliyewapigia simu.

Naomba niwaeleze kalenda ya tumbaku, kwa sababu nina hakika wengi mnaoijua mnaijua kwa upande wa masoko. Vitalu husiwa kuanzia Agosti. Mvua zikishika, Novemba na Desemba, miche hupelekwa shambani. Mwaka mpya ukiingia, majani yanaanza kuvunwa na kukaushwa, halafu yanapangwa madaraja na kufungwa marobota. Masoko yakifunguliwa, marobota yanapimwa, mkulima analipwa, na hapo ndipo kibarua naye anapolipwa, mara nyingi kwa mkupuo mmoja, baada ya kukatwa mahindi, sabuni na dawa alizokopa msimu mzima. Familia inayotoka Kasulu Septemba hurudi Juni au Julai. Hesabuni sasa kwa kalenda ya shule. Mtoto ameondoka kabla mwaka haujaisha, na amerudi mwaka mwingine ukiwa katikati. Msimu mmoja wa tumbaku unavunja miaka miwili ya masomo. Akiwa darasa la nne, upimaji wa kitaifa wa Oktoba unamkuta vitaluni, kwenye kijiji ambacho shule yake haimjui. Akiwa darasa la saba, mtihani wa Septemba unamfanya baba achague: abaki mtoto kwa bibi peke yake, au waende wote na mtihani uachwe. Nimeona baba wakichagua hivi na wengine vile, na sijaona hata mmoja aliyechagua kwa moyo mweupe.

Mimi nilizaliwa mwaka 1987 wilayani Kasulu. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1995, na nikiwa darasa la tatu tukapanda treni kwenda kwenye tumbaku. Shule ya kijiji tulichofikia ilinikubali kukaa darasani ila haikuniandika, kwa kuwa sikuwa na barua. Mwalimu wa darasa alikuwa mama mpole, hakunifukuza hata siku moja. Lakini kila asubuhi alifungua daftari, akaita majina kuanzia A, na alipofika la mwisho akalifunga. Mimi nilisema "nipo" moyoni. Mtihani ulipokuja karatasi zilihesabiwa kwa majina ya daftarini, nikatoka nje nikawasubiri wenzangu chini ya mti. Tuliporudi Kasulu nikakuta jina langu limepigwa mstari wa wino mwekundu. Nikawa nimekosekana shule mbili kwa mwaka mmoja: moja nilikuwepo sikuandikwa, nyingine niliandikwa sikuwepo.

Mambo hayo yalijirudia misimu mitatu. Mwisho nikaacha. Nikawa mtu mzima wa miaka kumi na mbili, nafunga majani kwenye fito kuanzia alfajiri.

Hapa ndipo watu husema, "Lakini mwalimu, ulivumilia, ukafika." Nimeambiwa hivyo kwenye mahafali, kwenye semina, na mara moja na kiongozi wa dini aliyenisimamisha mbele ya waumini. Nashukuru kwa nia yao. Ila naomba nieleze uvumilivu huo ni kitu gani hasa, kwa sababu unapewa sifa na watu wasioujua.

Tumbaku yetu ya Tabora ni ya mvuke. Majani hufungwa kwenye fito, fito hupangwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, moto unawashwa kwenye tanuru, joto linaingia ndani kwa mabomba. Kwa karibu wiki nzima moto huo haulali. Joto hupandishwa kidogokidogo: kwanza jani ligeuke la njano, kisha likauke, na mwisho kabisa ukauke uti wake. Ukilala moto ukazimika, jani linaharibika na daraja linashuka. Ukiuchochea kupita kiasi, bani lote linaweza kuungua. Baba alishika zamu ya kwanza ya usiku, mimi nikashika ya pili. Nilijua kusoma themomita kabla sijajua kusoma saa. Nilijua gogo la mti gani linawaka polepole na la mti gani linalipuka. Nilijifunza kukaa na kazi moja saa nne bila mtu wa kunisifu. Nilijifunza kusalimia "Mwakeye" kwa Kiha nyumbani, "Mwangaluka" kwa Kinyamwezi kisimani, na Kiswahili kwa bosi. Haya yote ni elimu, nayakiri, na leo yananisaidia darasani kuliko mengi niliyofundishwa chuoni. Mtoto wa kibarua akikaa mbele yangu, najua anaweza kungoja, anaweza kukadiria, anaweza kumsoma mtu mgeni usoni kabla hajafungua mdomo.

Ila nilijifunza pia kutapika nikiwa bado nashika mstari. Asubuhi jani la tumbaku likiwa na umande, nikotini hupita kwenye ngozi ikaingia mwilini. Kichwa kinauma, dunia inazunguka, tumbo linakataa. Sisi tuliita kulewa, tukachekana. Hakuna aliyetuambia kuwa ni sumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, na nimeisoma kwa furaha na kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa nimeshapita. Mtoto aliyeandikwa shuleni saa mbili asubuhi hayuko kwenye umande. Kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumwandika.

Na mimi sikufika kwa uvumilivu. Wenzangu wa fito zile walivumilia kama mimi, na wengine zaidi yangu. Mimi nilifika kwa sababu mwaka 2002 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ikaondolewa, na shule zikaambiwa zipokee watoto waliokosa. Mwalimu mmoja wa Kasulu alipita nyumba kwa nyumba na daftari jipya. Akaniuliza jina, akaliandika palepale akiwa amesimama, daftari kaliegemeza kwenye nguzo ya nyumba yetu. Nilirudi darasa la tano nina miaka kumi na mitano. Mwaka 2004 nikamaliza la saba. Shule za sekondari za kata zikawa zinajengwa, nikapata nafasi, halafu chuo cha ualimu. Mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa kwenye viti mlivyokalia ninyi leo. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi, wala siwaandikii watoto kuwaambia wakaze buti. Wamekaza tayari.

Kuna Mmarekani anaitwa José Hernández. Alizaliwa California mwaka 1962, mtoto wa vibarua kutoka Mexico waliokuwa wakifuata mavuno kutoka shamba hadi shamba. Aliomba kuwa mwanaanga mara kumi na mbili. Mara kumi na moja alikataliwa, na Agosti 2009 akaruka kwenda anga za juu kwa chombo cha Discovery. Wanaoisimulia hadithi yake hukazia mara kumi na mbili. Mimi hukazia mwalimu wake wa darasa la pili, aliyekwenda hadi nyumbani kwao akawaomba wazazi watulie mahali pamoja ili watoto wasome. Nchi hiyo tangu mwaka 1966 ina mpango wa serikali kuu wa kusomesha watoto wa vibarua wa mashambani wanaohamahama, na kumbukumbu za mtoto husafiri kwa kompyuta kutoka jimbo hadi jimbo. Najua sisi hatuna fedha zao, ila kompyuta hiyo kwa sehemu tunayo tayari.

Nasema hivyo kwa sababu kila mtoto wetu wa shule ya msingi ana namba ya PREM, yaani namba ya kumbukumbu zake kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Namba hiyo ndiyo hutokea kwenye matokeo yake ya darasa la saba. Nikiiangalia namkumbuka babu yangu mzaa baba. Babu alikuwa manamba. Alitoka Buha, kwetu Kigoma, kwenda Tanga kukata mkonge, siku zile wenye mashamba walipokuwa na ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Watu walisafirishwa wakihesabiwa kwa namba, na jina la manamba likatoka hapo. Kipande chake nilikiona utotoni, karatasi ngumu yenye vyumba 30, kila siku ya kazi chumba kimoja. Namba ile ilijua siku alizokata mkonge, na zaidi ya hapo haikumjua. Kitukuu wake leo ana namba inayoweza kujua yuko darasa la ngapi, amefika wapi, anahitaji nini. Ni namba nzuri, mimi naipenda. Tatizo letu ni kwamba mtoto anasafiri kwa siku moja na namba inasafiri kwa wiki saba.

Basi naomba shule inayompokea mtoto iwe ndiyo inayoanzisha uhamisho. Leo kazi hiyo mara nyingi huangukia kwa mzazi, aende kwa mwalimu mkuu wa kule alikotoka, apate barua, mihuri, saini. Mzazi huyo yuko kilomita mia kadhaa, hana nauli hadi soko lifunguliwe. Mwalimu mkuu anayempokea anayo simu ya ofisi na anao mfumo. Aingize namba ya mtoto, shule ya zamani ipate taarifa, wakikaa kimya siku saba afisa elimu wa wilaya aidhinishe. Na siku zote hizo mtoto awe anaitwa jina lake asubuhi kwa sauti, aitikie kwa sauti.

Naomba pia mwalimu wa Kasulu asiadhibiwe kwa mtoto huyu. Sisi walimu tunapimwa kwa mahudhurio, na mtoto aliyeondoka bila barua anatushushia asilimia. Zikipita siku 90 anahesabiwa ameacha shule. Mwalimu akiandika "mtoro" anajikinga. Tupeni neno jingine la kuandika. Hata "yuko msimuni" lingetosha, mradi lieleweke ofisini kwamba mtoto huyo anatafutwa alipo na hajafutwa.

Viongozi wa vyama vya msingi, kwenu nina neno fupi. Kabla ya msimu mnaandika kila mkulima, hekta zake na makisio yake. Robota likifika sokoni lina karatasi inayosema limetoka kwa nani. Fomu hiyohiyo ya msimu iongezwe mstari mmoja: mkulima huyu ana vibarua wangapi, na watoto wao wa umri wa shule ni wangapi. Orodha ikabidhiwe kwa mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu. Najua mkulima mwenyewe hucheleweshewa malipo na kampuni, na simlaumu kwa yasiyo yake. Ila kama kungewezekana kibarua apate hata robo ya ujira wake Januari, shule zinapofunguliwa, madaftari yangenunuliwa bila kukopa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto wa kibarua jembe hupewa siku ya kwanza, dawati ndilo analolingoja.

Madarasa tunayo kuliko zamani, na nashukuru kwa dhati. Zile fedha za UVIKO-19 zilizojenga madarasa 15,000 zilitenga 3,000 kwa ajili ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, na shule shikizi ndizo zinazoweza kusogea hadi karibu na mabani. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umeruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi. MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ipo kwa waliopitwa kabisa. Sheria na mipango haijapungua. Kinachopungua ni mtu mmoja mwenye mamlaka kusema kwa maandishi kwamba mwalimu mkuu akimpokea mtoto asiye na barua hajakosea. Walimu wakuu wengi ninaowajua wangewapokea kesho. Wanaogopa mkaguzi.

Binti wa sweta la kijani alikaa nasi hadi Julai. Alikuwa wa nne darasani kati ya wanafunzi 86. Siku ya kuondoka mama yake alikuja ofisini asubuhi na mapema kabla ya basi, safari hii akaomba barua mwenyewe, na tukamwandalia yeye na mdogo wake. Binti akaniachia ule mkoba wa mbolea, akasema niwafundishie wengine. Bado unaning'inia kwenye msumari.

Mwezi wa Agosti vitalu vinaanza tena. Mabasi ya Kasulu na Kibondo yataanza kushusha watu usiku, na asubuhi watoto watasimama mlangoni kwangu na kwa walimu wengine wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Naomba waraka wenu uwe umeshatufikia kabla ya basi la kwanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mkoa wa Tabora.